Mrija wa Saba

Al-Khoudh, saa tisa ya usiku.
Kiyoyozi kinakohoa. Nimevaa glavu mbili mbili.
Daftarini: tarehe, joto, jina langu,
Rayya binti Msellem, zamu ya usiku.

Tope hili lilichotwa mita elfu tatu
chini ya Bahari ya Omani,
ambako mwanga haujapata kubisha hodi.
Lilifika kwenye sanduku la barafu likinuka mayai viza,
na ndani yake wamo wao:
hawana jicho, hawana kinywa, jina pia hawana.
Tumewapa namba. K-41.

Jumatatu niliwatilia shaba.
Si ile ya sufuria ya halwa kule Nizwa,
ni shaba iliyoyeyuka, buluu ya kutamanisha,
ungedhani sharubati.
Mrija wa kwanza tone, wa pili matone,
mpaka wa saba, ambao nilimimina
nikageuza uso.

Hapa maabara maneno yamepinduka:
maji yakibaki safi, ni msiba.
Yakichafuka, kuna mtu nyumbani.

Injinia Hamdun alipiga simu kutoka Sohar,
ana dimbwi la maji ya kiwandani, halimpi usingizi.
“Hao wadudu wako wanakula madini?”
Hawali, bwana. Wanatapika.
Ukutani mwao mna pampu;
shaba ikipenya mlangoni inasukumwa uani,
usiku na mchana, na kila msukumo una gharama yake,
maana pampu ya bure haipo hata huko kwako.
Inayoishinda pampu hufungwa:
protini huikamata kwa salfa, kama mbuzi wa Idi kambani,
imo ndani, ila haina pembe.
Kadimi huivika ganda, ikawa chembe ya jiwe.
Na zebaki, hiyo wana hila nayo:
huigeuza mvuke, ikaondoka yenyewe
kama mgeni aliyenyimwa kahawa.

“Walifundishwa na nani?”
Hupeana. Siri imeandikwa kwenye kipete,
mwenye nacho humnakilia jirani
bila kumuuliza kabila.
Injinia akacheka. Mimi, Mzinjibari wa Mabela
niliyeulizwa kabila hata kwenye foleni ya mkate,
sikucheka sana.

Sasa lile ambalo sikuliandika daftarini.

Wiki jana nilichukua kidau cha wanja cha mama,
nikakichokoa kwa kijiti, nikakipima
mashine ilipokuwa haina kazi.
Risasi. Zaidi ya nusu yake, risasi.
Nilimwambia asubuhi, anakanda unga.
“Risasi?” Mkono ukasimama.
Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili,
na yeye kile cha kwanza alikisikia Unguja,
ana miaka sita, chini ya kitanda.
Nikasema, si hiyo mama, ni madini.
“Basi hiyo si kitu,” akaendelea kukanda.
“Nimepaka miaka hamsini. Mbona naona?”

Ningemwelezaje?
Kwamba sisi hatuna pampu ya namna ile.
Kwamba mfupa wetu ni mkarimu mjinga:
risasi ikija imejifanya chokaa,
unaifungulia, unaitandikia,
inakaa miaka thelathini haijasema kitu.
Chembe isiyo na ubongo, gizani, chini ya uzito wa bahari nzima,
inajua kitu gani kiingie na kitu gani kitoke.
Mama anajua unga umekandika.

Saa kumi na robo. Nautoa mrija wa saba,
nauinua kwenye taa.
Nautikisa. Nauinua tena.
Ukungu.
Mwembamba, wa maziwa yaliyozimuliwa mno,
lakini ukungu.
Nimeandika: Umechafuka. Halafu,
ingawa profesa hapendi, alhamdulillahi.

Hamdun atapigiwa kukicha.
Nimevua glavu, nimenawa mara tatu,
nimeshuka kwenye maegesho. Umande umejaa kioo.
Nawasha taa ya ndani ya gari nitafute funguo za nyumbani,
na kwenye kioo kidogo cha juu
macho yananitazama, yamepakwa vizuri,
mstari mweusi, mkono wa mama,
jana jioni, kabla sijatoka.